Anayeanza kupiga makasia Arusha aanzie miguuni

Kwanza tutenganishe kafi na kasia, maana wengi waliowahi kuzunguka na mtumbwi pale Ziwa Duluti, Tengeru, hudhani tayari wameuonja mchezo huu. Kafi unalishika mikononi na unatazama uendako. Kasia limeshikizwa ubavuni mwa mashua, nawe unatazama utokako, umekaa kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli. Kiti hicho ndicho kinachoufanya mchezo uwe wa miguu. Mikono ni ndoano tu.

Kwa hiyo darasa la kwanza, Arusha hata Moshi, ni mashine ya makasia iliyosukumwa kona ya jimu, ile isiyo na foleni. Ubavuni mwa feni yake kuna wenzo wenye namba 1 hadi 10. Vijana huupeleka 10 wakidhani ndiyo mazoezi, kisha wanalalamika kiuno. Weka kati ya 3 na 5. Ila namba hiyo nayo inadanganya: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo feni haikazi kama ingekaza Dar es Salaam kwenye namba ileile. Vumbi likiziba wavu wake, ndiyo inalegea zaidi. Kama kioo cha mashine kinaonyesha kiwango cha ukinzani, tafuta 110 hadi 130.

Unaposukuma, miguu inatangulia, kiwiliwili kinafuata, mikono inamalizia. Kurudi ni kinyume chake: mikono inanyooka, kiwiliwili kinainama kutoka nyongani, ndipo magoti yakunjike. Anayewahisha magoti utamjua, mpini unaruka kuyakwepa. Kosa baya zaidi ni kiti kukimbilia nyuma huku mpini umebaki palepale. Miguu imeshanyooka bure na mzigo wote umeuangukia mgongo. Dawa yake ni mivuto 20 ya miguu peke yake, mikono imenyooka kama kamba, kiti na mpini vikiondoka pamoja.

Wiki 6 za mwanzo, siku 3 kwa wiki: dakika 20, pumzika 3, tena 20, mivuto 18 hadi 20 kwa dakika, pumzi ikiruhusu kuongea. Yanachosha akili kuliko mwili, kweli. Malengelenge yakitoka, shika mpini kwa vidole badala ya kuukamia kiganjani.

Kisha jipime mita 2,000. Unataka dakika 8? Pita mita 1,500 kwa 2:01 kila mita 500, halafu zilizobaki umalize kwa 1:57. Ukifyatuka na 1:50, mapaja yatakudai kabla ya nusu ya njia.

Umri usikutishe. Helen Glover wa Uingereza alianza 2008 akiwa ameshapita miaka 20, na London 2012 akavaa dhahabu.

Kabla ya mashua, jua kuogelea, na ujifunzie bwawani. Mashua ya mashindano ya mtu mmoja ina urefu wa kama mita 8, ni nyembamba, na uzito wake hauzidi sana kilo 14. Kinachoisimamisha ni makasia yenyewe. Ukiachia mpini mmoja ili ujikune, umepinduka. Ikitokea, ng'ang'ania mashua, usiiache ukakimbilia ufukweni.