Phil Collins hakuanzisha Genesis

Je, Phil Collins ndiye aliyeanzisha bendi ya roki ya Genesis? Hapana, siyo Collins. Genesis waliianzisha wanafunzi wa shule ya Charterhouse, Uingereza, mwaka 1967, akina Peter Gabriel na Tony Banks. Collins aliingia 1970, tena kama mpiga dramu. Gabriel, mwimbaji wao, yule aliyekuwa akipanda jukwaani na kinyago cha kichwa cha mbweha na gauni jekundu la mkewe, aliondoka 1975. Wakasaili waimbaji kibao, mwisho maiki akaachiwa mtu wa dramu! Ila sauti yake haikuwa ngeni: sikiliza wimbo wao More Fool Me wa 1973, anayeimba ni Collins. Na msidhani aliacha dramu. Studio aliendelea kuzipiga, ila kwenye ziara ya 1976 aliletwa mpiga dramu Bill Bruford kumsaidia.