Mtoto akigonga kichwa uwanjani: alale, atembee au arudi mpirani?

Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka 13 aligongana kichwa na mwenzake kwenye mpira wa pete siku tano zilizopita. Hospitali walisema ubongo umetikisika, apumzike. Tangu siku hiyo yuko chumbani, mapazia yameshushwa, hata kufagia simruhusu. Niendelee mpaka lini? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Kama hana dalili za hatari nitakazozitaja hapo chini, mtoe leo. Mapumziko anayohitaji ni ya siku moja au mbili za mwanzo, na hata siku hizo anaweza kufanya vijishughuli vya nyumbani. Kumfungia zaidi ya hapo kunaweza kumchelewesha.

Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watoto zaidi ya 3,000. Kati ya walioanza kujongea ndani ya wiki ya kwanza, takribani robo walikuwa bado na dalili baada ya siku 28. Kati ya waliotulia tu, walizidi asilimia 40. Mwaka 2019, huko Marekani, vijana waliopangiwa mazoezi mepesi ya kuongeza mapigo ya moyo walipona kwa kama siku 13, na waliopangiwa kunyoosha viungo tu, siku 17.

Basi aanze kutembea dakika 15 hivi. Mwulize kichwa kinauma kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Kikipanda pointi moja au mbili na kutulia ndani ya saa moja, aendelee. Kikizidi hapo, aache, ajaribu tena kesho kwa kasi ndogo. Kupanda miti, baiskeli barabarani na ndoo ya maji kichwani visubiri.

Beki wangu aligongwa juzi, hakuzimia, na anasema yuko fiti. Jumamosi ni fainali. Nimchezeshe? (Mwalimu wa michezo)

Hapana, mwalimu. Wengi wanaotikisika ubongo hawazimii kabisa. Mwaka 2013, Rowan Stringer, nahodha wa raga wa miaka 17 mjini Ottawa, Kanada, aligongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, akaendelea kucheza, akafariki. Jimbo la Ontario lilitunga sheria yenye jina lake mwaka 2018.

Kijana wako atembee, kisha akimbie, kisha achezee mpira bila kugusana na mtu, kila hatua angalau siku nzima. Mazoezi ya kukabana na mechi ni baada ya dalili zote kuisha, kurudi darasani kikamilifu na kupata ruhusa ya daktari. Fainali haitamsubiri, najua. Mweke benchi hata akilia.

Ni kweli aliyegongwa kichwa asiachwe alale? Na simu je?

Akishapimwa na daktari na hana dalili za hatari, alale, usingizi unamsaidia. Simu na televisheni zipungue sana siku mbili za mwanzo.

Ila mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo akitapika mara kwa mara, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, maneno yakikorogeka, mkono au mguu ukilegea, mboni za macho zikitofautiana, au ikiwa haamshiki.