Kazini wananijua kama Msabato, ilhali mimi ni Myahudi

Kwako shangazi. Mimi ni Myahudi wa Uganda, nimezaliwa karibu na Mbale. Nina miaka 24 na nafanya kazi ya uhasibu katika hoteli moja Nairobi. Niliposema sifanyi kazi Jumamosi, wenzangu walidhani mimi ni Msabato, nami nikanyamaza. Nyama choma ikiletwa nasema nina vidonda vya tumbo. Ijumaa jioni nikiwasha mishumaa ya Sabato, namwambia msichana ninayeishi naye kwamba nahofia stima itapotea. Sasa meneja mpya amenipangia zamu za Jumamosi. Kuna siku nahisi heri niiache tu Sabato. Je, nimeshaikana dini yangu?
Binti wa Mbale

Binti yangu, hujaikana. Aliyeikana dini hahangaiki na mishumaa kila Ijumaa. Kinachokuchosha ni huo uongo mdogo mdogo, na usipouacha utakufanya uichukie Sabato yenyewe.

Wazee wenu walijua kujificha. Tangu Semei Kakungulu, mwanzilishi wa jamii yenu, alipotahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919, Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, wameishi wakiwa wachache kati ya Wakristo na Waislamu. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yenu, wengi walibadili dini. Waliobaki, mia chache tu, walisali kwa siri hadi utawala wake ulipoanguka 1979. Lakini wao walijificha pamoja. Wewe umejificha peke yako katika jiji kubwa, na hapo ndipo ninapokuhofia.

Anza na huyo unayeishi naye. Ijumaa hii, kabla jua halijazama, mwambie: "Mimi ni Myahudi, na hii ndiyo Sabato yangu." Mkaribishe mezani, mmegee mkate. Ofisini nako, nyama ikija, sema huli isiyochinjwa kwa sheria ya dini yenu. Waislamu walio hapo watakuelewa kabla hujamaliza kusema.

Maswali yatakuja, tena mengine ya kuudhi. Yupo atakayetaka umwombee baraka kwa kuwa amesoma habari za Israeli katika Biblia. Yupo atakayekudai majibu kuhusu vita vya Gaza. Uchungu wa huyo ni wa kweli, msikilize, ila usikubali kushtakiwa kwa mambo ya serikali ambayo hujawahi hata kuipigia kura.

Kuhusu meneja: Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinataja waziwazi haki ya kuadhimisha siku ya ibada, na kinakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini. Hata hivyo, siku ya kwanza usiingie na Katiba mkononi. Ingia na ratiba. Jitolee kufanya kazi Jumapili, Krismasi na Pasaka, siku ambazo wenzako wanagombania kupumzika. Mweleze na habari ya Ijumaa pia, kwamba Sabato yenu huanza jua likizama, na Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu, kwa hiyo unahitaji kutoka mapema. Yaandike kwenye barua na ubaki na nakala. Akikataa, hapo sasa kitaje hicho kifungu.

Halafu tafuta wenzako. Kuna sinagogi pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Wasiliana nao kabla ya kwenda, maana si mahali pa kuingia tu kutoka barabarani. Wao ni wa mkondo wa Kiyahudi wa Orthodox, unaoshika sheria za kale kwa ukali, na wengi wenu mliidhinishwa kuwa Wayahudi 2002 na marabi (viongozi wa dini) wa mkondo wa Conservative, usio mkali kama huo, hivyo huenda ukaulizwa maswali kuhusu Uyahudi wako. Hayo yatauma kuliko ya ofisini, nakwambia mapema. Usiyaache yakurudishe mafichoni. Wapigie simu wa nyumbani kila Ijumaa mchana mtakiane Sabato njema, hata kama ni kwa dakika chache.

Na ruhusa ya Yom Kippur, siku yenu ya kufunga na kutubu inayoangukia Septemba au Oktoba, iombe sasa, kabla ratiba haijabandikwa ukutani.