Waksi gani itaifanya gari nyeusi ing'ae kama imelowa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mark X nyeusi, ilivyotoka bandarini mwaka jana ulikuwa unajiona sura kabisa kwenye mlango. Sasa hivi kivulini iko poa ila jua likipiga kwenye boneti naona miduara miduara kama utando wa buibui, na weusi umefifia. Nimeshapaka waksi aina tatu, inang'aa siku mbili inarudi vile vile. Ninunue ipi? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue nyingine, tatizo sio waksi. Hebu iangalie gari yako ukishaimwagia maji kabla haijakauka, si inakuwa nyeusi tii? Ni kwa sababu maji yameingia kwenye ile mikwaruzo yakaifukia, uso umekuwa sawa, mwanga unarudi moja kwa moja kama kwenye kioo. Ikikauka mikwaruzo inarudi. Waksi zako zinafanya hivyo hivyo, zinafukia tu, zikiisha umerudi ulipoanzia.

Mikwaruzo yenyewe inatoka kwenye kuosha, na hili linaniuma kweli. Mwezi uliopita nimekaa sehemu ya kuoshea magari naangalia, kijana kadondosha kitambaa chini, kakiokota, kakikung'uta mara mbili, kaendelea kusugua mlango wa gari nyeusi ya watu. Ule mchanga ni msasa! Kwa hiyo osha mwenyewe kivulini, ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia glavu, anzia juu kwenye paa malizia chini, sabuni ya unga waachie wanaofua, na ukikuta vumbi asubuhi usilifute kavukavu hata kama una haraka ya kwenda kazini.

Ikishakauka, vaa kipande cha nailoni laini kwenye vidole upitishe taratibu juu ya boneti. Ukisikia vichengachenga kama mchanga, hiyo ni takataka iliyonasa kwenye rangi, inatoka kwa klei, ule udongo maalumu unaouzwa maduka ya vipodozi vya magari, unaupitisha huku umelowesha vizuri.

Halafu ndio polishi yenyewe, na hapa chagua fundi kwa macho. Ile mashine inayozunguka kama grenda ikishikwa na mtu asiyeijua inaacha mawingu kwenye nyeusi, utayaona siku ya jua. Mtafute mwenye mashine ya obito, inayozunguka huku inayumba, aanze na kompaundi, ile polishi kali ya kukata mikwaruzo, pale penye mikwaruzo tu, amalizie na polishi laini kwa sponji laini, hiyo ya kumalizia ndiyo inayoleta ule weusi wa kulowa, wengi wanairuka. Mwambie aanze na nusu ya boneti, abandike tepu katikati, akimaliza afute na spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yasikudanganye, kisha mulika kwa tochi ya simu ulinganishe pande mbili. Usifanye hivi kila mwezi lakini, kila polishi inakula klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, na ya gari nyingi ina maikroni 40 hadi 50 tu, unywele wako ni mnene kuliko hapo.

Angalia pia namba ya rangi kwenye kile kibati cha gari. Ukikuta 202, hiyo ni nyeusi tupu ya Toyota isiyo na chenga za kumetameta, laini sana, inakwaruzika upesi kuliko nyingi nilizoshika. Na kwa wenye gari za zamani zisizo na klia, sponji itageuka nyeusi, msishtuke, ni rangi yenyewe inatoka, punguzeni nguvu.

Baada ya hapo paka waksi yako. Ya kanauba, ile ya majani ya mti wa Brazil, inapendeza sana kwenye nyeusi. Nyembamba kabisa, kesho yake rudia.

SWALI: Fundi, jirani anafuta gari yake na dizeli na inang'aa kweli. Ina madhara? – Msomaji, Tanga

JIBU: Inang'aa mpaka anapokutana na vumbi, kaka. Yale mafuta yanalinasa, yanaondoa waksi iliyokuwepo na yanalainisha raba za milango. Mwambie aioshe yote leo na shampuu, hasa pembeni ya vioo, raba zikishavimba maji ya mvua yataanza kuingia ndani.