Mawe yamebonyeza gari na kutoboa mabati: anza na picha

Pole sana, dada. Umesema mvua ya mawe ya juzi hapo Kericho imejaza Probox yako vibonyeo, na bati la chumba cha watoto linavuja. Sisi wa kwenye majani chai tumeizoea, lakini mazoea hayazibi tundu.

Leo funika kitanda kwa nailoni, halafu piga picha kabla hujaita fundi. Vibonyeo vipige picha jioni jua likiwa chini. Saa sita mchana havionekani vizuri. Kisha soma bima yako. Ya mtu wa tatu hailipi gari lako mwenyewe. Ikiwa una bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako, toa taarifa mapema, na usitengeneze chochote kabla mkaguzi hajaona. Ujue pia kuna kiasi utakachochangia.

Kama rangi haijapasuka, tafuta fundi anayesukuma kibonyeo kwa ndani kwa vyuma maalum, bila puti, ile ya kujazia vibonyeo, wala kupaka rangi. Gari langu lilijazwa puti. Mwaka haukuisha, boneti ikapasukapasuka kama shamba la kiangazi, na fundi simu hashiki.

Paa usilipande likiwa limelowa. Tundu dogo lisugue kutu, likauke, ndipo utie silikoni. Bati lililochanika kwenye mkunjo libadilishe zima, na ukinunua, chukua geji 28 badala ya 30. Namba ikipungua, bati ni nene zaidi. Mwenye duka asikuchanganye hapo.