Saigon: ijue wilaya ya zamani kabla hujapanda bodaboda

Mwenyeji wa Saigon, yaani Jiji la Ho Chi Minh, akikwambia anakaa Quận 3, Wilaya ya 3, usimsahihishe. Kiserikali Quận 3 haipo tena. Tarehe 1 Julai 2025 Vietnam ilifuta ngazi ya wilaya nchi nzima, na mikoa ikapunguzwa kutoka 63 hadi 34. Leo mkoa unashughulika moja kwa moja na kata, ambayo mjini inaitwa phường na vijijini xã. Lakini midomoni mwa watu wilaya ziko palepale, na wewe mgeni zitakusumbua usipozijua.

Zilinisumbua mimi. Nilikuwa na miadi ya kazi barabara ya Lê Văn Sỹ. Namba ya nyumba niliyopewa niliiona kwa macho yangu, nikabisha hodi, akatoka babu ambaye hata kampuni hiyo hajawahi kuisikia. Barabara ile inapita Quận 3, Phú Nhuận na Tân Bình, na kila inapovuka mpaka wa wilaya namba za nyumba zinaanza upya. Namba yangu ilikuwa sahihi, wilaya ndiyo haikuwa yenyewe. Nilifika nimeloa jasho, nimechelewa dakika arobaini, na kazi sikuipata. Kwa hiyo ukipewa anwani, uliza kata mpya, kisha uliza na wilaya ya zamani.

Mikwaju (/) kwenye namba nayo ina maana yake. Ukiona 118/27/5, tafuta nyumba namba 118 barabarani. Hapo pana uchochoro, wenyewe wanauita hẻm. Ingia. Ukifika 27 kata kwenye uchochoro mwembamba zaidi, halafu tafuta nyumba namba 5. Mimi nilipanga chumba ndani kabisa ya hẻm ya namna hiyo huko Bình Thạnh, wilaya nyingine ya zamani, na kama una muda wa kukaa nchini nakushauri ufanye hivyo badala ya ghorofa za wageni. Alfajiri mama mmoja alikuwa akiinjika sufuria la supu mlangoni kwake, anapanga vigoda vya plastiki, na jirani wote wanapita hapo kabla ya kazi. Siku nikiumwa, yeye ndiye aliyegundua kwamba sijapita.

Mwenye nyumba anatakiwa kutoa taarifa polisi wa kata kuwa analaza mgeni. Mpe pasipoti siku hiyohiyo.

Jifunze kuita watu. Kivietinamu hakina “wewe” moja ya kumtupia kila mtu: mwanamume anayekuzidi umri kidogo ni anh, mwanamke chị, mama wa makamo cô, na wewe mbele yake unajiita con, mtoto. Sisi tuliolelewa na shikamoo hilo halitushindi. Siku niliyomsalimu yule mama wa supu “con chào cô”, aliweka mwiko chini akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Na usiishie mjini. Wilaya za shamba ziliitwa huyện, na ukiwa mtu wa pwani anza na Cần Giờ. Ukishavuka kwa pantoni ya Bình Khánh utakuta mikoko pande zote. Vita iliua msitu ule kwa sumu iliyomwagwa na ndege za Marekani, watu wakaupanda upya kuanzia 1978, na mwaka 2000 UNESCO ikautambua kama hifadhi ya biosfia, eneo la kulinda viumbe na mazingira yao. Nilikaa ukingoni kusikiliza kaa wakitembea kwenye tope, nikaikumbuka Tanga.

Củ Chi, huyện nyingine ya zamani, wengi huenda kwa ajili ya mahandaki ya vita. Nenda, ila usiondoke bila kula muhogo. Niliwekewa vipande vya kuchemsha vinafuka moshi, na kisahani cha karanga zilizotwangwa na sukari na chumvi. Muuzaji akaniuliza kama kwetu tunaujua. Nikamwambia tunaula kwa pilipili na ndimu. Akamwita jirani yake aje asikie.