Mama Mhasibu Anajibu: "Kuku Wangu Wanakula Mshahara"

*Mama Mhasibu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Kibaha. Tangu mwaka jana nafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, mia moja kila awamu. Wakiuzwa nashika pesa ya maana, mume wangu anafurahi, majirani wanasema mwalimu kajiongeza. Lakini mwisho wa mwezi sioni kitu, na siku hizi naazima nauli kwa wenzangu. Awamu iliyopita nilinunua vifaranga kwa 1,800 kimoja. Chakula kilikwenda mifuko tisa ya kilo 50, wastani wa 75,000 mfuko. Mkaa, maranda, chanjo na vitamini vilifika 85,000. Walikufa sita. Mnunuzi alichelewa siku sita, kisha akaja akawabeba wote kwa 8,000 mmoja. Nakosea wapi? – Mwalimu, Kibaha*

Marahaba, mwalimu. Kwanza nakushukuru kwa kuweka bei. Wengi huniandikia "biashara inalipa ila hela haionekani", wasitaje hata shilingi moja, halafu wanataka ushauri wa shilingi.

Haya, tupige. Vifaranga 180,000. Chakula 675,000. Mengineyo 85,000. Jumla 940,000. Umeuza kuku 94 kwa 8,000, umepata 752,000. Umepoteza 188,000, na wewe ulikuwa unapongezwa.

Usione haya, kwa sababu biashara hii ina tabia ya kumficha mwenyewe ukweli. Pesa inatoka kidogokidogo kwenye mshahara: mfuko mmoja leo, gunia la mkaa keshokutwa, vitamini Jumamosi. Inarudi kwa mkupuo siku moja. Ukishika laki saba na ushei mkononi, nani atakumbuka mfuko wa wiki ya pili? Ndiyo maana nauli unaazima. Nauli ililiwa na kuku tangu tarehe kumi.

Sasa tazama zile siku sita, maana ndipo jipu lilipo. Kuku wa nyama aliyefika umri wa kuuzwa anakula gramu 170 hivi kwa siku. Kuku 94 wanamaliza kilo 16. Kwa bei yako, kilo moja ya chakula ni 1,500. Kila jua lilipozama mnunuzi hajatokea, ulitoa 24,000. Siku sita ni 144,000, karibu mifuko miwili mizima. Utasema, lakini walinenepa. Walinenepa, ndiyo, ila uliuza kwa kichwa, hukuuza kwa kilo. Ule unene ulimzawadia mnunuzi, naye alijua anachofanya. Mchuuzi wa kuku akisikia sauti ya mfugaji aliyebakiwa na nusu mfuko, anakuwa na safari ya Morogoro ghafla.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kwamba tatizo ni kuchelewa peke yake. Toa ile mifuko miwili, gharama inashuka hadi 790,000. Kwa bei ya 8,000 bado una hasara ya 38,000. Bei ya mchuuzi haikulipi, awahi asiwahi. Kuku haohao 94 ukiwauza mwenyewe kwa 9,500, unapata 893,000 na faida inakuwa 103,000. Igawe kwa wiki sita: elfu kumi na saba kwa wiki. Humo ndani bado hujamlipa anayeamka saa nane usiku wiki ya kwanza kukagua kama jiko la mkaa halijazima. Nadhani ni wewe, na asubuhi una kipindi cha kwanza Kidato cha Pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Usilete kifaranga hata kimoja kabla hujaandika majina ya walaji. Chumba cha walimu pekee kina watu wangapi? Wauza chipsi wa Maili Moja wanachukua kuku wangapi kwa wiki, na kwa bei gani wakiletewa wamechinjwa na kunyonyolewa? Nenda ukawaulize jioni, wakati wa kuwasha mafuta, si saa ya wateja. Ukipata oda za kuku 50, leta vifaranga 55. Zikitimia 80, leta 85. Hesabu siku kurudi nyuma kutoka siku ya kuuza, na mwambie kila mteja tarehe mapema, kwa maandishi ya simu, ili asije akakuambia hakujua.

Pesa ya kuku iwe na laini yake ya simu. Mfuko wa chakula usinunuliwe na mshahara hata mara moja. Laini ikikauka, hiyo ndiyo taarifa yako ya hesabu. Na katika kubana matumizi usiguse chanjo. Kideri siku ya saba, gumboro ya kumi na nne, kideri tena ya ishirini na moja, au kama daktari wa mifugo wa eneo lako atakavyopanga. Kuna watu hubana elfu kumi hapo wakazika banda zima.

Ukifanya awamu mbili kwa mtindo huu na daftari bado linasoma hasara, funga banda. Mwalimu kupumzika jioni nako kuna thamani. Umeniuliza pembeni kama uanzishe tuisheni badala yake. Ya watoto wa shule nyingine, fikiria, ukishamwuliza mkuu wako wa shule. Ya wanafunzi wako mwenyewe, kwa kulipisha, sitakuunga mkono kamwe. Mzazi atajiuliza mchana ulifundisha nini.

*Mama, nauza vitenge ofisini. Wenzangu wanachukua kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Wengi wanalipa, ila bosi wangu ana doti tatu tangu Februari na kila nikipita mlangoni kwake ananisifia tu kwamba nina jicho la rangi. Nimdai vipi? – Muuza Vitenge, Dodoma*

Jicho la rangi halilipi jumla Kariakoo, mwanangu.

Nilipokuwa kwenye chumba cha hesabu niliuza ubuyu wa Zanzibar kwa miaka, pakiti ndogo, na daftari langu lilikuwa na safu nne: tarehe, jina, kiasi, sahihi. Hiyo ya nne ndiyo iliyonilinda. Aliyekula ubuyu hakumbuki pakiti ngapi, lakini mwandiko wake anaufahamu. Na daftari lilikaa juu ya meza, wazi, si kwenye droo. Mtu akija kukopa anaona jina lake la mwezi uliopita bado halijapigwa mstari, anajirudisha mwenyewe.

Kwa bosi, usimdai mlangoni wala mbele ya watu. Mwandikie ujumbe wa heshima tarehe ambayo mshahara umeingia, asubuhi, kabla hajaupangia: "Shikamoo bosi, nafunga hesabu ya mzigo leo nikalete mwingine. Kwako ni doti tatu, jumla ni kiasi fulani. Nitashukuru ukinitumia kwa simu." Ukishaandika, nyamaza. Asipolipa hadi mwezi unaofuata, zihesabu zile doti kama gharama ya kujifunza bei ya cheo chake, na kuanzia hapo wakubwa kwako ni taslimu tu. Mtu anayesaini likizo yako usimfanye mdaiwa wako.

Na mikopo yote pamoja isizidi theluthi ya mzigo. Ikizidi hapo, unawavisha watu kwa mshahara wako.

*Shikamoo. Mimi ni karani kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, Kurasini. Mshahara ni 600,000. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa mbili usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, mchana tunapumzika saa moja. Nataka nikope kwenye programu za simu niweke malipo ya awali ya gari, niendeshe teksi ya mtandao usiku na wikiendi. Je, inalipa? – Karani, Temeke*

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta neno moja, sikuliona. Hizo saa za jioni unalipwa?

Toa saa ya chakula, unafanya kazi saa 11 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za ziada. Zinatakiwa ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu ya ujira wa saa.

Twende kwenye namba. 600,000 ugawe kwa 4.333 kupata wiki, ugawe tena kwa 45 kupata saa. Inakuja 3,077. Mara moja na nusu ni kama 4,600. Wewe una saa mbili za ziada kila siku, kumi kwa wiki, arobaini kwa wiki nne. Ni zaidi ya 184,000, bila gari, bila mafuta, bila mkopo. Na hata wasipolipa wakaamua mtoke saa kumi na mbili jioni, umepata saa mbili za kwako, ambazo leo huna.

Nayajua majibu ya ofisini: "hapa sisi ni familia", "nani amekulazimisha". Kwa hiyo usianze na barua ya kisheria. Anza na karatasi. Mwezi mzima andika saa ya kuingia na kutoka, na kama kuna kitabu cha getini au mashine ya kidole, hiyo ni shahidi. Soma mkataba wako. Kama unasimamia wafanyakazi wenzako kwa niaba ya mwajiri, kanuni hizi za saa huenda zisikuhusu. Karani wa kawaida zinamhusu. Kisha nenda kwa ofisa rasilimali watu, wewe na wenzako wawili watatu, mkaulize kwa upole utaratibu wa kulipwa saa za ziada. Mkigonga mwamba, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai kama haya yana muda wa siku 60, kwa hiyo usiyaweke kabatini mpaka Krismasi.

Na huu mkopo wa simu, achana nao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na waliopitia huko wanajua zinavyompigia simu mama mkwe wako kumweleza deni lako. Teksi yenyewe? Ukitoka kazini saa mbili usiku ukaendesha mpaka saa saba, kisha saa kumi na moja alfajiri uko macho, abiria wako ndiye anayebeba hatari. Kama kuendesha unakupenda, Jumamosi na gari la kukodi kwa siku, ujue kwanza tajiri anachukua ngapi na mafuta yanakula ngapi. Gari la mkopo subiri.

*Mama Mhasibu, kuna kikundi nimeingizwa WhatsApp, unalaiki video unapata 6,000 kwa siku. Nimeshatoa mara mbili kweli. Sasa wanataka niweke 200,000 nipande ngazi. – Natafuta Riziki, Mwanza*

Usiweke. Hizo mara mbili ulizotoa ni chambo, na zimetoka kwa aliyeingia baada yako. Mwaka 2009 watu walikuwa wanapeleka pesa DECI, mchezo wa upatu, wakiita kupanda mbegu, na waliovuna mwanzo ndio waliowavuta wengine, hadi makanisani. Ngazi ya juu haina video nzuri zaidi. Jitoe kwenye kikundi, na kama kuna uliyemwingiza, mpigie leo.

*Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, Dodoma. Nina milioni tatu za akiba, nataka ninunue bodaboda nimpe shemeji kwa mkataba: 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, baada ya wiki 60 pikipiki inakuwa yake. Mume wangu anasema ni kusaidia ndugu na kupata faida hapohapo. – Muuguzi*

Marahaba mwanangu. Shemeji akileta hesabu kila siku bila kukosa, utapokea 3,600,000. Toa milioni tatu, imebaki laki sita kwa zaidi ya mwaka, na humo itoke bima na kibali. Baada ya hapo huna pikipiki. Hiyo ndiyo hali nzuri kabisa, ambayo hakuna aliyeanguka, hakuna mvua, na pikipiki haijakamatwa.

Halafu kuna ushemeji. Dereva wa mbali asipoleta hesabu siku tatu, unachukua pikipiki. Shemeji asipoleta, kuna msiba, kuna mtoto kaugua, kuna plagi, na Jumapili mama mkwe anakuuliza kwa nini unamsumbua mwanawe. Hesabu ya shemeji ina misiba mingi.

Kama nia ni kumsaidia, sema hivyo na umsaidie, ila si kwa akiba yote. Mpe malipo ya awali, tuseme laki tano, akachukue mkataba kwa tajiri mwingine. Akilipa vizuri, umemjenga. Asipolipa, wanamalizana wenyewe. Kama nia ni biashara, tafuta dereva ambaye humwiti kwa jina la undugu, mwenye leseni na kijiwe kinachomfahamu. Kadi ya pikipiki ibaki kwa jina lako mpaka hesabu ya mwisho. Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mdhamini wake, na useme wazi nani ananunua tairi, nani anabadilisha oili, na siku pikipiki ikiwa polisi hesabu inasimama au inaendelea. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linalogombanisha mwezi wa pili tu.

Mume wako mwoneshe ile laki sita kwanza. Mengine atayasema mwenyewe.